Zuchu Kigali, Desemba 2023

Tiketi ilikuwa ya Kendrick Lamar, lakini mimi na binamu yangu tulikwenda kwa ajili ya Zuchu. Jumatano ya tarehe 6 Desemba 2023, BK Arena ya Kigali ilipokea tamasha la Move Afrika, na Zuchu, binti wa Khadija Kopa, alikuwa kwenye orodha ya wasanii pamoja na Bruce Melodie wa Rwanda, Kendrick, rapa Mmarekani, akifunga usiku. Nilikuwa nampenda Zuchu tangu alipotambulishwa na lebo ya Wasafi mwaka 2020, kwa sababu kwenye sauti yake taarabu ya mama yake haijapotea hata akiimba juu ya mdundo wa kompyuta. Na kwa mtu wa Mwanza, Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam, karibu kwa nusu ya njia.

Tiketi nilinunua mtandaoni baada ya kadi ya benki kugoma mara tatu. Kumbe kadi nyingi za kwetu hutolewa zikiwa zimefungwa kwa malipo ya mtandaoni. Lazima uombe zifunguliwe, na ukiomba Ijumaa jioni utasubiri mpaka Jumatatu. Msimbo wa tiketi nikauhifadhi kwenye picha za simu na nakala nyingine nikaichapisha kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo iliyotuokoa baadaye.

Jumatatu alfajiri tukaondoka Mwanza. Wakati ule daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo basi liliingia kivukoni, na kivuko ndicho kilichokuwa kinaamua siku yako: ukikuta foleni ya malori, ratiba yote ilikuwa imeharibika. Sengerema, Geita, Biharamulo, kisha kipande cha Lusahunga mpaka Benako ambacho mashimo yake yalimfanya dereva aendeshe kama anayetafuta sindano. Tukalala Benako. Nashauri mtu yeyote afanye hivyo, avuke mpaka asubuhi akiwa na akili timamu, badala ya kufika Rusumo usiku na kuanza kubahatisha usafiri wa upande wa pili.

Rusumo ni kituo cha pamoja cha forodha, na hapo wengi hupotea. Ukiwa unatoka Tanzania kwenda Rwanda, hugongi muhuri upande wa Tanzania. Unavuka daraja la mto Kagera, maporomoko yakinguruma chini yako, unaingia jengo la upande wa Rwanda, na humo afisa wa Tanzania anakugongea kutoka, wa Rwanda anakugongea kuingia, dirisha kwa dirisha. Tuliona watu wawili wakizunguka jengo la Tanzania karibu nusu saa wakitafuta muhuri usiokuwepo. Mkenya na Mganda huingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Sisi Watanzania tunahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda tangu 2008 na mizigo hukaguliwa. Karanga za binamu zilikuwa kwenye mfuko mwembamba, zikahamishiwa kwenye bahasha ya kaki palepale mezani.

Pesa tulibadilisha kidogo tu mpakani, za nauli na chakula cha mchana, nyingine tukabadilisha mjini. Mwezi ule faranga moja ilikuwa kama shilingi mbili, hesabu rahisi ya kichwani: bei ukiitaja kwa faranga, izidishe mara mbili.

Halafu kuna saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu yangu ilijirekebisha yenyewe ilipokamata mtandao wa Rwanda. Binamu, mtu wa Ngara mwenye msimamo wake, alikataa kugusa saa yake ya mkononi. Jambo linalochanganya zaidi ni kwamba Wanyarwanda wanahesabu saa kama sisi, na kwa maneno yaleyale: saa moya, saa mbiri, saa tatu. Kwa hiyo hakuna kinachokuzindua. Mtu akikwambia basi linaondoka saa saba, unaitikia na kuondoka, na saba yake si saba yako.

Kutoka Rusumo mpaka Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali, ni kama kilomita 160 kupitia Kirehe, Ngoma, Kayonza na Rwamagana, lami nzuri yenye kona nyingi, na magari yanakwenda kulia. Mwili unachelewa kuzoea hilo. Ukivuka barabara Kigali, angalia kushoto kwanza, na ukishuka kwenye bodaboda shukia upande wa njia ya waendao kwa miguu, maana kwa mazoea ya kwetu utajikuta unashukia katikati ya magari. Dereva wa pikipiki, ambaye wao wanamwita motari, hubeba abiria mmoja tu na lazima akupe kofia ngumu. Patana bei kabla ya kuivaa. Daladala zao hazipokei pesa mkononi: unanunua kadi, unaijaza kwa wakala kituoni, unaigusisha mlangoni. Wakati ule kadi moja iliweza kuwalipia wawili, mradi uigusishe mara mbili.

Chakula cha kwanza kilikuwa cha mchana, na Kigali mchana ni melanje. Ni meza ya sufuria: wali, ndizi za kupika, viazi, ugali wa muhogo, maharage, makaroni, isombe, na mboga ya majani wanayoiita dodo. Binamu alifurahi kusikia dodo akidhani ni embe, ni mchicha. Sheria ya melanje ni moja. Unapakua mara moja tu, kiasi chochote sahani itakachobeba, na nyama anakuwekea mhudumu, kipande kimoja. Wenyeji wanajua kujenga: ndizi na viazi vinapangwa pembeni kama ukuta, wali na maharage vinajazwa katikati, isombe juu, ili mchuzi usimwagike. Mimi nilianza na wali, ukatambaa mpaka ukingoni, na isombe nikapata kijiko kimoja tu. Nenda mapema, karibu saa sita ya kwao, kwa sababu sufuria hazirudishwi motoni na ikifika saa nane viazi vimekauka. Tulilipa faranga 2,000 kila mmoja.

Isombe ni kisamvu, lakini si kile cha nazi. Majani ya muhogo hutwangwa mpaka yalainike kabisa, yakachemshwa muda mrefu kuondoa sumu na uchungu, kisha yakaungwa kwa mawese, na mara nyingine karanga za kusaga. Kikiwa na ukali unaokwaruza koo, kimechemshwa haraka, kiache.

Jioni tukaenda Nyamirambo. Kama wewe ni Mswahili na unaanza kuchoka kutafuta maneno, huko ndiko kupumzika. Ni mtaa wa misikiti na mafundi cherehani, na upande wa Biryogo kuna barabara zilizofungwa magari, zikapakwa rangi, meza zikawekwa katikati. Kiswahili hakikuanza huko mwaka 2017 kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda. Kilikuwepo tangu enzi za wakoloni, wafanyabiashara na askari walipokaa pamoja. Mama aliyetuuzia chai alituitikia kwa Kiswahili kilichonyooka: "Karibuni wanangu, mmetoka Tanzania ipi, ya Kigoma au ya Mwanza?" Binamu akajaribu Kihangaza chake naye akaelewa, ingawa alisema kimekaa Kirundi zaidi.

Asubuhi ya Jumatano tulianzia kwenye duka la maziwa. Yapo karibu kila mtaa, kibao kimeandikwa Amata, ndani kuna mapipa ya chuma cha pua na vikombe vikubwa. Unachagua inshyushyu, maziwa ya moto, au ikivuguto, ya mgando. Ikivuguto si sawa na mtindi wetu. Mtindi wetu ukiachwa unashika vipande na maji yake yanajitenga. Ikivuguto hutikiswa, kwa jadi ndani ya kibuyu, hivyo inakuwa laini na nzito, unainywa bila kutafuna. Chukua nusu lita na chapati au mandazi. Ukiwa hujazoea, usiongeze kikombe cha pili siku ya safari ndefu.

Soko la Kimironko nalipendekeza kwa matunda tu. Ibinyomoro, nyanya za mti, unazikata katikati na kuchota kwa kijiko. Ganda ni chungu, usiling'ate. Kamaramasenge ni ndizi ndogo kama kidole gumba, tamu sana, na haziishi siku mbili ndani ya begi lenye joto.

Mchana simu ilianza kufa. Chaja zetu za Tanzania zina pini tatu bapa, na soketi za chumba chetu zilikuwa za matundu mawili ya duara. Adapta inauzwa Nyabugogo na kwenye maduka ya simu, nasi tuliikumbuka chaji ikiwa asilimia tisa. Nunua siku ya kwanza.

Mpango wetu ulikuwa kula brosheti eneo la Kisimenti, Remera, kisha kutembea mpaka ukumbini, mwendo wa dakika ishirini hivi. Brosheti ni mishikaki, ya mbuzi hasa, vipande vikubwa kuliko vya kwetu, kitunguu na pilipili hoho katikati, na vipande vya mafuta vinavyozuia nyama kukauka. Huja na ndizi ya kuchoma au viazi. Kuna pia zingaro, ya utumbo wa mbuzi, inayotaka meno na subira. Jambo ambalo hatukujua ni muda: nyama haichomwi kabla, inatungwa ukiagiza, na mkaa ukiwa na wateja kumi mbele yako utakaa saa nzima. Siku ya tamasha Kisimenti nzima ilikuwa imeagiza. Binamu alitazama saa yake akasema tumechelewa kabisa, twende. Nami nikamwonyesha simu kwamba bado tuna saa moja. Hiyo ndiyo saa tuliyoila. Kama sote tungekuwa na saa ya Mwanza, tungeacha nyama jikoni.

Mezani palikuwa na Akabanga, kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Ni mafuta ya pilipili yanayotengenezwa na kiwanda cha Sina Gérard, na jina maana yake ni siri ndogo. Matone mawili yanatosha mshikaki mzima. Binamu alimimina kama anavyomimina pilipili ya chupa nyumbani, kisha akanywa maji, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu ni mafuta na maji yanayasambaza tu mdomoni. Mhudumu akamletea maziwa bila kuulizwa.

BK Arena ilifunguliwa 2019, ina viti 10,000, na iko jirani na uwanja wa Amahoro, ambao wakati ule ulikuwa umezungukwa na mabati ya ujenzi. Mlangoni kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, chakula hakiingii, na simu yangu ilizimika hatua tano kabla ya kifaa cha kusoma tiketi. Nikatoa karatasi. Kijana akaisoma mara moja, akatufunga mikanda ya mkononi, tukapanda ngazi.

Tulikaa juu, pembeni ya jukwaa. Kwa ukumbi ule pembeni ni bora kuliko juu nyuma, maana nyuma sauti inagonga ukuta na kurudi na maneno yanafifia, na mimi nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya maneno. Zuchu alipoanza, nilitegemea sisi wachache tuimbe naye. Wasichana wawili wa Kinyarwanda mbele yangu, ambao tulikuwa tumeongea nao kwa ishara na Kiingereza cha kuokoteza, waliimba beti nzima kwa Kiswahili, herufi kwa herufi, hata pale anapolegeza irabu kwa lafudhi ya Unguja. Nikanyamaza niwasikilize wao. Kendrick alikuja baadaye na ukumbi ukatikisika, naye alistahili. Ila mimi usiku wangu ulikuwa umekwisha kukamilika.

Kutoka, motari wote walikuwa wameshapata abiria au wanataja bei mara tatu. Tulitembea mpaka njia panda ya Kisimenti, umati ukapungua, tukapata wawili kwa bei ya kawaida. Ukitaka kula tena, fanya haraka: tangu Septemba mwaka ule baa na migahawa ilitakiwa kufunga saa saba usiku siku za katikati ya wiki.

Alhamisi saa ile tuliyoila ilidaiwa. Tulipanda gari Nyabugogo saa saba mchana, mimi nikihesabu kwamba tutafika Rusumo saa kumi na moja, jua bado liko juu. Binamu alisema ni saa nane. Nikamwambia asahau saa yake. Tulipovuka daraja na kugongewa upande wa Tanzania, saa yake ilisoma kumi na mbili kasoro, na ndiyo ilikuwa sahihi. Mabasi ya Mwanza huondoka asubuhi. Magari madogo ya kutufikisha Biharamulo nayo yalikuwa yamekwisha. Anayerudi kutoka Kigali atoke Nyabugogo saa kumi na mbili asubuhi ya kule, si zaidi.

Tukalala tena Benako. Mama lishe alikuwa amebakiwa na wali maharage. Binamu akatoa kichupa cha Akabanga alichokinunua Kimironko, akadondosha tone moja, akahesabu, akadondosha la pili, akafunga kifuniko.