Nördlingen: Mji wa Soko Uliojengwa Ndani ya Shimo la Kimondo

Nördlingen ni mji mdogo wa jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, wenye wakazi wapatao 20,000, na umekaa ndani ya uwanda wa mviringo wenye upana wa kilomita 24 hivi uitwao Ries. Mimi ni mwongoza watalii wa Karatu, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwashusha wageni katika kreta ya Ngorongoro. Wageni kadhaa kutoka Ujerumani wamewahi kuniambia, tukiwa tumesimama pale ukingoni, kwamba kwao nako kuna kreta, ila ya kwao ina mashamba, makanisa, reli na mji mzima wenye ukuta. Basi nilipopata nafasi ya kufika Munich kwa mafunzo ya lugha, niliweka akiba kidogo nikaione kwa macho yangu.

Safari ya treni haina mengi ya kusimulia. Unashuka Donauwörth, unapanda treni ndogo, na muda si mrefu umefika. Treni yangu ya kwanza ilichelewa, ile ndogo ikaondoka bila mimi, nikabaki mvuani na kikombe cha kahawa ambacho bei yake ingeninunulia chakula cha mchana cha watu wawili nyumbani. Taabu kubwa zaidi ilikuwa malazi. Nilifika wakati wa Nördlinger Mess, sherehe kubwa ya maonyesho inayofanyika baada ya Pentekoste kwenye uwanja ulio nje ya ukuta, na kila nyumba ya wageni ilikuwa imejaa. Chumba nilichopata hatimaye kilikuwa kidogo, chini ya paa, kitanda kikigusa kuta zote mbili, na bei yake ilikuwa ya msimu wa sherehe, bila kifungua kinywa. Maonyesho hayo yametajwa katika maandishi tangu mwaka 1219, wakati wafanyabiashara walipokuja hapa kutoka mbali kununua nguo nzito za sufu na ngozi, na nilipokuwa nikihesabu noti zangu nilijiuliza ni wangapi kati yao waliolalamikia bei ya kulala kama nilivyolalamika mimi.

Dirisha la chumba lilitazama mnara wa kanisa la Mtakatifu Georg, ambao wenyeji wanauita Daniel. Saa nne usiku nilikuwa nimeanza kusinzia, nikasikia sauti ya mwanamume ikiita kutoka juu angani, kwa kuvuta maneno: „So, G'sell, so!“ Kwetu mtu akipaza sauti usiku kwa namna hiyo ni yowe, na yowe humtoa kila mtu kitandani. Nilivaa viatu, nikashuka ngazi mbio, nikamkuta mama mwenye nyumba ukumbini akikunja mashuka, ametulia kabisa.

“Mama, kuna mtu anaomba msaada juu ya mnara,” nilimwambia.

“Hapana, bwana,” alijibu. “Huyo ni mlinzi wa mnara. Anatuambia kwamba mji uko salama.”

Aliweka mashuka pembeni, akaniketisha, akanisimulia. Mwaka 1440, mtawala wa jirani, Hans wa Oettingen, aliutamani mji huu, akawahonga walinzi waliache wazi usiku lango liitwalo Löpsinger Tor. Jioni ile mwanamke mmoja alitoka nyumbani kwake, akamwona nguruwe jike aliyetoroka zizini akijikuna ubavu kwenye lango, na kila alipojikuna mlango ulicheza. Mwanamke akapiga kelele, watu wakaja, lango likafungwa, na walinzi wale wakauawa. Maneno anayoyaita mlinzi hadi leo, yaani karibu “Haya, mwenzangu, haya!”, kila nusu saa kuanzia saa nne mpaka saa sita usiku, ndiyo yanayosemwa kuwa yalitoka kinywani mwa mwanamke yule.

“Huyo nguruwe ni masimulizi ya wazee,” mama alisema, “lakini kwamba walinzi walihongwa, hilo limeandikwa.”

Nilimpenda kwa kutenganisha mambo hayo mawili mbele ya mgeni ambaye asingejua tofauti. Waongoza watalii tuna mazoea ya kuyachanganya, kwa sababu nguruwe ndiye anayekumbukwa na mgeni. Nilikaa macho dirishani mpaka mwito wa mwisho wa saa sita, nikifikiri kwamba mji huu umepitia vita, njaa na tauni, na bado unamlipa mtu apande juu usiku kuuambia kwamba hakuna lililoharibika.

Asubuhi nilikwenda kulitazama kanisa lenyewe. Lilijengwa kati ya mwaka 1427 na 1505, na mnara wake una urefu wa karibu mita 90. Nilimkuta mzee mmoja mwenye fimbo amesimama karibu kabisa na ukuta, ana lenzi ndogo ya mkononi, anakagua mawe kama mnunuzi wa vito. Nilimsalimu kwa heshima, nikamwambia nilikotoka. Alifurahi waziwazi, akanishika mkono na kuuweka ukutani.

“Shika hapa,” alisema. “Usiogope.”

Jiwe lilikuwa la kijivu, lenye rangi ya kijani kwa mbali, na uso wake umeliwa na mvua na baridi hata ukawa na vishimo vidogo ambavyo ncha ya kidole huingia. Ndani yake kulikuwa na vipande vyeusi, vingine vya ukubwa wa kucha na vingine vya kiganja, vilivyovutika na kujikunja. Alinipa lenzi nikaona kwamba vile vyeusi ni kioo, yaani mwamba ulioyeyuka ukapoa upesi, na kuvizunguka kulikuwa na punje za mawe ya aina nyingine kabisa, zimegandamana pamoja bila mpango. Jiwe hilo huitwa sueviti, na kwa muda mrefu wataalamu walilihesabu kuwa jiwe la volkano, na Ries yote kuwa mabaki ya volkano. Maelezo hayo niliyajua vizuri, kwa kuwa ndiyo ninayowapa wageni wangu kuhusu Ngorongoro, na kule ni ya kweli: mlima wa volkano uliporomoka ndani yake wenyewe yapata miaka milioni mbili na nusu iliyopita.

Hapa mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1960 mwanajiolojia wa Marekani, Eugene Shoemaker, alichukua sampuli kwenye machimbo ya Otting, si mbali na mji, na yeye pamoja na mwenzake Edward Chao wakaonyesha kwamba ndani yake mna koesiti, aina ya madini yanayotokea pale mchanga wa kwarzi unapobanwa kwa nguvu ambayo volkano haina. Kumbe kilichochimba shimo lile kilitoka juu. Karibu miaka milioni 15 iliyopita kimondo chenye upana wa zaidi ya kilomita moja kilianguka hapa, mwamba ukapondwa, ukayeyuka na kurushwa, kisha shimo likawa ziwa, na ziwa lilipojaa udongo likaacha ardhi ya rutuba. Rutuba hiyo ndiyo iliyoleta wakulima, na wakulima wakaleta soko. Grafiti iliyokuwa katika miamba ile ilibanwa ikawa almasi ndogo mno, nazo zimo kwenye mawe ya kanisa, ila mzee alisema lenzi yake haiwezi kuzionyesha.

Nilimweleza kuhusu kimondo cha Mbozi, kule Songwe, pande kubwa la chuma lenye uzito wa tani 16 hivi ambalo mtu analizunguka na kuligusa, lakini halina shimo. Alisimama akafikiri.

“Kwa hiyo ninyi mlibakiwa na jiwe lenyewe,” alisema, “na sisi tukabakiwa na shimo.”

Kimondo cha hapa kiliungua na kutoweka kwa joto la pigo lake chenyewe. Sijapata kusikia mtu akiziunganisha nchi zetu mbili kwa sentensi fupi namna ile.

Nilipanda Daniel peke yangu, kwa sababu vipandio ni 350 na mzee magoti yake yalikataa. Malipo yanatolewa baada ya kupanda sehemu kubwa, wakati huna tena nia ya kushuka. Lakini juu kuna thamani ya pesa hizo. Mapaa mekundu yamejipanga kwa duara, barabara moja ya ndani inazunguka mahali ulipopita ukuta wa zamani zaidi, nje yake ni ukuta wa pili ulioanza kujengwa baada ya mwaka 1327, kisha mashamba, na mwisho kabisa, pande zote, vilima vyenye misitu. Wenyeji husema kutoka hapo vinaonekana vijiji 99. Ukingo wa Ngorongoro umesimama mita 600 hivi juu ya sakafu yake, na mgeni akifika hunyamaza mwenyewe bila kuelezwa. Ukingo wa Ries ni wa chini na uko mbali, hata mtu anaweza kuzaliwa, kulima na kuzikwa ndani bila kujua kwamba yumo shimoni. Vizazi vingi vimefanya hivyo.

Jumba la makumbusho ya kreta limo katika ghala la zamani, na lina jiwe la mwezini lililoletwa na Apollo 16. Jiwe hilo limekuja mahali panapostahili, maana mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 14, Alan Shepard na Edgar Mitchell, walifundishwa kwenye machimbo ya Ries namna ya kuyatambua mawe yaliyopigwa na vimondo, kabla ya kwenda kuyaokota kule juu.

Alasiri mzee alinipeleka ukutani. Ukuta huo una mzunguko wa kilomita 2.7, una malango matano, na unaweza kuuzunguka wote juu yake, chini ya paa la mbao, bila kulipa chochote, jambo nililolishukuru sana baada ya siku ya kutoa pesa kila nilipogeuka. Tulipita juu ya mtaa wa watengeneza ngozi, ambako nyumba zina dari refu zenye nafasi za hewa kwa ajili ya kukaushia. Kusini alininyooshea fimbo kuelekea kilima cha Albuch. Huko, Septemba 1634, majeshi ya Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma na ya Hispania yaliwashinda Waswidi na washirika wao katika Vita vya Miaka Thelathini. Baada ya hapo biashara ilidorora, na mji ambao tangu mwaka 1215 ulikuwa chini ya Kaisari moja kwa moja, bila bwana mwingine, haukupata tena utajiri wa kubomoa na kujenga upya. Mwaka 1803 uliingizwa Bavaria, na mwaka 1826 mfalme Ludwig wa Kwanza akakataza ukuta usivunjwe. Kinachotupendeza watalii leo kimehifadhiwa kwa sehemu kubwa na umaskini wa watu wa wakati ule.

Kabla ya kuagana alinionyesha chemchemi iliyopo Weinmarkt, lililokuwa soko la mvinyo, yenye jina la Maria Holl. Alikuwa mwenye nyumba ya wageni hapo hapo. Kati ya mwaka 1589 na 1598 mji huu uliwaua watu 35 kwa tuhuma za uchawi, karibu wote wanawake. Holl alikamatwa mwaka 1593, akateswa mara 62, hakukiri na hakumtaja mtu, na mwaka 1594 wakamwachia. Nilisimama hapo kwa muda. Katika nchi yangu akina mama wazee wenye macho mekundu wameuawa kwa tuhuma hiyo hiyo, na sijaona mahali pa wazi sokoni palipowekwa jina la hata mmoja wao.

Mzee aliniuliza ni nani wanaoishi ndani ya kreta yetu. Nilimwambia kwamba Wamasai waliishi chini kule na mifugo yao hadi walipoondolewa mwaka 1974, na kwamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ndugu wawili Wajerumani, akina Siedentopf, walifuga na kulima humo, na magofu ya nyumba yao yapo hadi leo. Hakuwa amewahi kulisikia jambo hilo. Akataka kujua kama watoto wa Karatu hushuka kusoma mawe kama watoto wa Nördlingen wanavyoletwa na walimu wao ukutani. Nilimjibu kweli: wengi hawajashuka kamwe, ingawa geti liko karibu, kwa sababu gharama ya gari ni kubwa kuliko uwezo wa shule. Wenzangu wa Karatu watakaosoma haya, naomba tukae tulizungumze. Wakati wa masika magari yetu yamelala. Tukichangia mafuta, gari moja la kila mmoja wetu linatosha kuwashusha wanafunzi wa darasa zima, na maelezo tutayatoa wenyewe, kwa Kiswahili.