Babu bila uso

Nikiulizwa kabila langu hapa Tanga najibu Mngoni, na swali la pili linakuja palepale: Kingoni unakijua? Sikijui. Nimezaliwa Ngamiani, bibi yangu Mbondei wa Muheza, na Songea naijua kwa ramani. Aliyetoka huko ni babu mzaa baba. Alikuja kukata mkonge enzi za Mwingereza, manamba kama maelfu ya wengine walioandikishwa kutoka Songea, Njombe, Kigoma, hadi Rwanda na Burundi. Hakurudi kwao.

Ndiye ninayemchonga sasa, kwenye mfululizo wa picha za chapa: nachonga kwenye linoliamu, lile tandiko la sakafuni, natia wino, kisha nachapa kwenye karatasi. Wateja wangu wamezoea kuagiza majahazi na twiga. Twiga, Ngamiani! Safari hii nimewaambia wasubiri.

Nilianza na mkonge wenyewe, maana nao ni wa kuja. Asili yake Mexico, na Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta huku mwaka 1893 kutoka Florida. Leo nani ataitaja Tanga asiutaje mkonge? Ule hakuna anayeuuliza kabila. Halafu unachongeka vizuri: jani moja, mkato mmoja mrefu, toka shinani mpaka kwenye mwiba.

Linoliamu ikiwa baridi inakuwa ngumu, kwa hiyo naianika juani kidogo kabla ya kushika patasi. Ninapochonga patabaki peupe, nilipopaacha patashika wino. Mashine ya kuchapia sina. Naweka karatasi juu na kusugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao. Rangi ya katikati hakuna. Ukitaka kijivu unachora mistari myembamba iliyobanana, na mkono unakufa ganzi.

Picha iliyonichukua muda ni ya kipande, ile kadi ya kazi ya manamba. Ilihesabu siku 30 za kazi, kila siku uliyomaliza inatiwa alama, na ujira ni mpaka kadi ijae. Ukiugua, siku hiyo haimo. Kwa hiyo mwezi wa babu haukuwa lazima ulingane na mwezi wa kalenda. Nimechonga visanduku vyote 30, vingine nikaviacha vyeusi tii. Ukiitazama haraka utadhani ni kitambaa cha drafti, nami sina ugomvi na hilo.

Bibi nimemvika kanga. Jina la kanga nimelichagua mwenyewe: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Maneno yote yanachongwa kinyume, kutoka kulia, ili kwenye karatasi yasomeke. Naandika kwanza kwenye karatasi laini kwa penseli nzito, naigeuza kifudifudi juu ya linoliamu, nasugua.

Tatizo ni babu. Picha yake haipo hata moja, basi nikamchonga kwa mgongo, ameinama, mzigo wa majani begani. Nikampelekea baba mdogo, aliyezaliwa kambini.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Huyu nani?"

"Babu."

Akaisogeza dirishani. "Mzee hakuwa na mgongo mpana hivi. Alikuwa mfupi. Na kofia yake iko wapi? Hakutoka nyumbani bila kofia."

Pale pale akaanza kunieleza mambo ambayo sijawahi kuyasikia: kelele za korona, mashine ya kusindika mkonge, zilizosikika tangu alfajiri, harufu ya maji ya mkonge iliyoganda kwenye nguo hata zikifuliwa, lizombe, ngoma ya Wangoni, lililochezwa kambini kwao siku ya mshahara. Nusu ya daftari langu imejaa.

Kofia haiongezwi kwenye linoliamu, kilichochongwa kimeshaondoka. Nimekata linoliamu mpya. Sasa shangazi anasema ilikuwa pama la ukindu, baba mdogo anaapa ilikuwa kofia ya kitambaa, na wamegombana mbele yangu mpaka chai ikapoa. Nitachonga picha mbili.