Kijabe, Januari na Julai

Mama alizaliwa Kijabe mwezi wa Julai 1951, na tangu nipate akili nimemsikia akijiita mtoto wa mawingu. Mimi ni wa Umoja, Nairobi. Kijabe kwangu ilikuwa kibao cha barabarani ukielekea Naivasha, na mahali pa kuzika jamaa: unafika saa nne, unasimama kaburini, unakula, saa kumi uko njiani kurudi. Mwaka jana nikamwambia, mama, safari hii twende bila msiba.

Tulipanda matatu Nyamakima asubuhi na mapema, Januari, anga nyeupe bila wingu. Limuru ikapita, Uplands ikapita, tukashuka Kimende. Januari ni msimu wa plamu huko. Akina mama wamezipanga kwenye mabeseni kando ya barabara, nyekundu na za manjano, nyuma yao viazi vya lumbesa vimesimama kama watu. Mama alinunua beseni dogo akaanza kula palepale amesimama, maji ya plamu yakimtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono, na sikuwa nimemwona akila hivyo miaka mingi.

Kutoka Kimende ni Probox, wanane ndani ya gari la watano. Barabara inaingia msituni, inateremka kwa kona, mierezi mizee imesimama kila upande, halafu miti inaachana na huoni ardhi tena. Bonde la Ufa liko chini yako. Mbele ni Longonot, mita 2,776, kingo za kreta yake zimechongoka wazi kama mdomo wa chungu kilichovunjika. Kushoto ni Suswa. Katikati ya uwanda zinaonekana sahani za kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilichofunguliwa mwaka 1970, na barabara ya Mai Mahiu imekuwa uzi. Dereva alitusimamishia bila kuombwa. Nadhani amezoea.

"Baba alikuwa akituambia dunia inaishia hapa," mama akasema.

Ukisimama pale ndipo unapoelewa kazi waliyokuwa nayo waliojenga reli. Walianza Mombasa mwaka 1896, wakafika Nairobi mwaka 1899, kisha wakakutana na ukuta huu. Mabehewa ya vifaa yaliteremshwa kwa kamba za chuma kwenye miteremko ya muda, moja baada ya jingine, ili kazi iendelee huko chini huku njia ya kudumu ikichongwa ubavuni mwa mlima. Desemba 1901 reli ikafika ziwani, Kisumu. Watu husoma hayo shuleni kama orodha ya miaka. Mimi niliyaelewa na magoti yangu, kwa kuchungulia tu.

Kijiji chenyewe kimeshikilia ubavu wa mlima, kama mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Jina lake linatokana na neno la Kimaasai la upepo, na hata siku ile tulivu nguo kwenye kamba zilikuwa zimelala upande mmoja. Wamisionari wa Africa Inland Mission walihamia hapa mwaka 1903. Miaka mitatu baadaye wakaanzisha shule ya watoto wao, na Agosti 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani na akiwa katika safari yake ya uwindaji, ndiye aliyeweka jiwe la msingi la jengo lake kuu, Kiambogo, yaani mahali pa nyati. Nyati hawapo tena. Hospitali ilianza mwaka 1915, na leo ndiyo inayowaleta watu wengi huku. Unawaona wakishuka kwenye magari na bahasha za eksirei kwapani, wanauliza njia kwa Kiswahili cha Garissa, cha Turkana, cha Pwani. Mama alitaka kuona wodi aliyozaliwa. Majengo yameongezeka, mengine yamebomolewa, na muuguzi mmoja mpole alizunguka naye nusu saa nzima kabla ya kukubali kwamba huenda ni pale penye maegesho.

Tulilala kwa dada yake mama, ambaye wote tunamwita Tata. Ameolewa upande wa juu, karibu na barabara kuu, na ana shamba la viazi na nyasi za nepia kwenye kibonde. Mchana jua lilitupiga hadi nikavua sweta. Usiku sikupata usingizi kwa baridi. Nilikuwa nimevaa kila nilichobeba, na bado meno yaligongana.

Alfajiri Tata akaniita nje. "Njeri, njoo uone mbaa."

Mbaa ndiyo sakitu. Kibonde chote kilikuwa cheupe. Nilichuchumaa nikashika jani moja la kiazi: pembeni lilikuwa na ukingo wa chembe za barafu kama chumvi, na lilikatika mkononi kwa sauti ndogo, tiki. Jua lilipopanda, jani lilelile likawa jeusi, limelegea kama limechovywa kwenye maji yanayochemka. Robo ya viazi vyake ilikwenda asubuhi hiyo moja. Hakulalamika. Alipita mstari kwa mstari akigeuza majani kwa kidole cha mguu.

Mimi nilikuwa na hakika kwamba baridi ya Kenya ni ya Julai na Januari ni joto. Tata ndiye aliyenifundisha. Januari anga iko wazi, kwa hiyo joto ambalo udongo umelishika mchana kutwa linapaa lote usiku, na ile hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka kama maji na kutuama kwenye vibonde. Julai mawingu yanafunika kama blanketi. Mchana hakuna joto, lakini usiku nao haushuki hadi kuua viazi. Ndiyo maana wakulima wa chai wa sehemu hizi za juu huogopa usiku mzuri wenye nyota kuliko usiku wa mvua.

Siku tatu zile hatukukaa naye hata saa moja. Kiangazi kila mtu yuko shambani, au sokoni, au kwenye ujenzi, kwa kuwa ndipo matope yamekauka. Tulipoaga, Tata akanishika mkono. "Umekuja kuangalia," akaniambia. "Rudi wakati wa gathano, uje usikilize."

Gathano ndiyo miezi ya baridi. Nikarudi Julai, na mama tena.

Nairobi yenyewe ilikuwa na wiki haijaona jua. Kuanzia Limuru matatu ziliwasha taa saa tatu asubuhi. Kimende plamu zilikuwa zimekwisha, zimebaki kabeji na karoti, na wauzaji walikuwa maumbo tu ya makoti na mablanketi yanayotokeza ukiwa karibu kuyagonga. Tulipofika pale dereva wa Januari alipotusimamishia, sikuona kitu. Si kwamba bonde lilikuwa limefifia, halikuwapo. Ukingo wa barabara, nyasi kiasi cha hatua mbili, kisha weupe. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Nairobi. "Hii ndiyo Kijabe," akasema.

Kwa Tata jikoni moto ulikuwa haujazimwa tangu asubuhi. Matone yalidondoka kutoka kwenye mabati bila mvua kunyesha, ni ukungu wenyewe ukigeuka maji. Tulikula mukimo, tukanywa chai, tukakaa. Jirani mmoja akaingia, mwingine akaingia, wakavuta vigoda. Alasiri hiyo nilisikia mambo ya ukoo wangu ambayo harusi na matanga ya miaka arobaini hayakuwahi kuyatoa.

Walizungumza juu ya kirore. Neno hilo maana yake ni alama ya dole gumba. Mwaka 1929 wamisionari waliwataka Wakristo wa Kikuyu waweke alama hiyo kwenye karatasi ya kuikana tohara ya wasichana, na asiyetaka akatengwa na kanisa, na watoto wake wakakosa nafasi shuleni. Waliotia dole wakaitwa kirore. Waliokataa wakajiita karing'a, na kutoka kwao zikazaliwa shule huru za miaka ya 1930. Januari 1930 mmisionari Mmarekani, Hulda Stumpf, akauawa nyumbani kwake hapa hapa Kijabe. Hayo yamo vitabuni. Kisichomo vitabuni ni kwamba babu yangu alikuwa kijana wa miaka kumi na mmoja, na kati ya baba zake wawili, waliokuwa ndugu, mmoja alitia dole na mwingine akakataa. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa mikeifa. Hawakula sahani moja hadi mmoja wao alipokufa.

"Babu alikuwa akisema wino ule haukuwahi kukauka," Tata akasema, akisukuma kuni ndani.

Mimi ni mama wa wasichana wawili, na nashukuru kwa moyo wote kwamba sheria ya mwaka 2011 imepiga marufuku kukeketa. Katika hilo sina shaka hata kidogo. Lakini niliketi pale nikiwalilia wale ndugu wawili. Mtu anaweza kuwa upande ulio sawa na bado akapoteza ndugu, na Kijabe ina ua mwingi wa aina hiyo ambao leo unapita kando yake ukidhani ni mpaka wa shamba tu.

Usiku manyunyu yaligeuka mvua kidogo. Nilimsikia Tata akiamka, akafungua mlango, akasimama kizingitini na tochi, kisha akarudi kulala. Akafanya hivyo mara tatu. Asubuhi nilimuuliza. Akanitajia Aprili 2024. Alfajiri ya tarehe 29 maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kalavati likiwa limeziba, yalipasua tuta na kuteremka hadi Kamuchiri, upande wa Mai Mahiu. Zaidi ya watu 40 walikufa wakiwa vitandani mwao. Yeye anaishi juu sana, maji yale hayangeweza kumfikia, anajua. Lakini alikuwa na watu kule wa kusali nao, na tangu hapo akisikia mvua ni lazima aione kwa macho.

Kabla ya kuondoka mama aliomba tupite njia ya msituni, ile ya miguu, tuteremke hadi hospitali. Nilipinga, kwa sababu ya magoti yake na matope. Tata akachukua fimbo mbili.

Hii ndiyo njia ambayo nyanya yangu alipita Julai ile ya 1951, uchungu umeshamshika, usiku, katika ukungu kama huu. Babu alikuwa kazini mbali. Aliyemsindikiza ni Tata, miaka saba, amebeba taa ya chemni. Taa ndani ya ukungu haikuangaza mbele, Tata akatueleza, ilikuwa kama kubeba yai. Unaona yai tu. Walipotea. Nyanya akakaa kwenye mzizi, akamwambia mtoto anyamaze. Wakakaa kimya muda mrefu sana. Kisha gari moshi likapiga filimbi kwenye stesheni, na nyanya akajua reli iko upande gani, na kwa hiyo hospitali iko upande gani, akainuka.

Tuliteremka polepole. Mbega walinguruma mahali fulani juu yetu, hatukuwaona. Gome la mwerezi likilowa hunukia kama penseli mpya, na mama alikuwa akisimama kwenye kila mti akilinusa. Kuna mahali njia inagawanyika, na Tata akasema nadhani ni hapa, au ni pale mbele, mzizi ulikuwa mkubwa. Mama akauweka mkono wake kwenye mzizi mmoja uliojitokeza, akaukalia. Tata akakaa kando yake. Mmoja ana miaka themanini na kitu, mwingine sabini na kitu, wamekaa na fimbo zao kama wanasubiri gari.

Nilijitenga hatua chache ili niwaache. Hatua chache tu, lakini nilipogeuka hawakuwapo. Weupe mtupu, na upepo ukipita kwenye vilele. Hakuna treni iliyolia. Nilisikia pikipiki mbali, kisha hata hiyo ikanyamaza.

"Njeri," mama akaita, bila haraka. "Tuko huku."