Kumwomba Brigid Wakati wa Kaskazi

Sikukuu nne kubwa za Ireland ya kale, yaani Imbolc tarehe 1 Februari, Beltane tarehe 1 Mei, Lughnasadh tarehe 1 Agosti na Samhain tarehe 1 Novemba, zilitokana na kazi za wafugaji na wakulima wa nchi ya baridi, na ndiyo maana mtu akizihamishia Mombasa kama zilivyo hujikuta akiomba mambo ambayo hapa hayapo. Samhain, kwa mfano, hufungua nusu ya giza ya mwaka. Huko Dublin mchana wa Juni huwa na urefu wa takriban saa 17 na ule wa Desemba hupungua hadi urefu wa saa 7 na nusu, kwa hiyo giza lina uzito wake. Hapa kwetu tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki nusu saa. Nikililia jua lirudi ilhali majirani zangu wanatafuta kivuli, nitakuwa naigiza tu. Anayeiheshimu miungu ya kale ya Ireland kwa dhati, kama mimi ninavyomheshimu Brigid, kwa maoni yangu, na aiombe kwa majira ya mahali alipo, na majira ya mwambao ni pepo: kaskazi na kusi, pamoja na mvua za masika na za vuli.

Jambo moja halihitaji kurekebishwa hata kidogo. Julius Caesar, jemadari wa Roma, aliandika kwamba watu wa Gaul, yaani Ufaransa ya leo, walihesabu siku kwa kuanzia usiku, mchana ukafuata, na sikukuu za Ireland nazo zilianza jioni ya mkesha. Mtu wa Mombasa hana haja ya kufafanuliwa hilo, kwani magharibi ya Alhamisi ikishaingia, usiku huo ni wa Ijumaa. Sala zangu zote za majira huziweka katika jioni ya mkesha.

Brigid nilimfahamu kwanza kuwa mtakatifu, kwa sababu nililelewa Mkatoliki. Baadaye nikasoma kwamba kamusi ya Kiairishi cha kale inayohusishwa na Cormac mac Cuilennáin, aliyefariki mwaka 908, inamtaja kuwa mungu wa kike aliyetukuzwa na washairi, binti wa Dagda, mungu mkuu wa Waairishi, mwenye dada wawili wa jina lilelile, mmoja wa uganga na mwingine wa uhunzi. Katika karne ya 12 mwandishi Gerald wa Wales alieleza moto usiozimika uliotunzwa na watawa wa kike huko Kildare, Ireland, moto ambao masista waliuwasha upya mwaka 1993. Wapo wanaonitaka nichague kati ya mtakatifu na mungu, nami sioni haja ya kuwafanyia hukumu wawili walioishi karne nyingi chini ya jina moja.

Mkesha wa tarehe 1 Februari, siku ya Imbolc ambayo ndiyo pia sikukuu ya Brigid, Waairishi husuka msalaba wa Brigid kwa nyasi za kinamasi. Mimi hutumia miyaa, hii hii ya kusukia mikeka. Huiloweka kwanza ili isikatike, kisha hushika uzi mmoja wima, hukunja wa pili ukaukumbatia ule wa kwanza, hugeuza robo mzunguko, hukunja wa tatu juu ya wa pili, na kuendelea hivyo mpaka katikati patokee mraba wenye mikono minne, ambayo ncha zake huzifunga kwa kamba. Kila mkunjo huusomea kipande kimoja cha shairi, na sisogei kwenye uzi mwingine kabla sijakitafakari kile nilichokitamka. Beti ninayoitumia niliitunga kwa mizani ya kawaida ya shairi:

Ewe mlinzi wa moto, mwenye shairi na tiba,
Upepo watupa joto, visima maji ni haba,
Tufue chuma kizito, utenzi uwe akiba,
Usiku uwe wa ndoto, mchana uwe wa shiba.

Imbolc ya Ireland ilihusishwa na maziwa ya kondoo wanaoanza kuzaa. Februari ya Mombasa ni jua kali na visima vinavyoshuka, basi mshororo wa pili umesema hivyo bila kuficha.

Tafakuri ya usiku nimeichukua Uskoti, ambako wanawake wa nyanda za juu na visiwani walifukia moto kabla ya kulala: makaa yalitandazwa duara, yakagawanywa mafungu matatu, mboji iliyokaushwa, yaani udongo wa kinamasi unaowaka kama kuni, ikawekwa kati ya mafungu kwa kutaja Nafsi za Utatu, na juu ikamwagwa majivu ya kutosha kuutuliza moto bila kuuzima. Jiko langu la makaa ni dogo, na mboji hiyo sina, lakini mafungu matatu yanaingia vizuri. Huliacha uani, kwa sababu makaa yanayofuka ndani ya nyumba huua.

Lughnasadh ndiyo iliyotukalia sawasawa. Ni sherehe ya mavuno ya kwanza, ambayo mungu Lugh aliianzisha kumkumbuka Tailtiu, mama yake mlezi, aliyekufa kwa uchovu wa kufyeka msitu ili watu wapate mashamba. Nayo huangukia wakati mahindi ya masika yanavunwa Kwale na Kilifi. Nani asiyemjua mama wa aina hiyo? Beltane, kwa upande mwingine, ilitaka ng'ombe wapitishwe kati ya mioto miwili, na mwezi wa Mei mvua ya Mombasa haimwachii mtu hata moto mmoja. Nimeiacha.

Anayebaki ni Manannán mac Lir, bwana wa bahari, ambaye watu wa Kisiwa cha Man, kilichoko kati ya Ireland na Uingereza, husimulia kwamba mababu zao walimlipa kodi ya matita ya nyasi kila katikati ya kiangazi. Yeye simpi tarehe ya Kiairishi. Mabaharia wa Kiswahili walikuwa na mwaka wao wa jua, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya, nao uliwaambia lini pa kusafiri na lini pa kupandisha chombo pwani. Kwa hiyo sala yake naipanga kwa kugeuka kwa upepo, kusi inapoanza kuvuma na wavuvi wadogo wanapoanza kukaa karibu na miamba. Ninamtungia utenzi wa mizani nane, na mpaka sasa nimefika pale kaskazi inapokatika.