Vile nilizibua sinki ya jikoni bila kuita fundi

Sinki yetu ya jikoni ilianza kukataa kumeza maji Julai, ile baridi ya Nairobi ya kulala na soksi, na baridi yenyewe ilichangia, kwa sababu mafuta ya kukaangia na ya supu ya mifupa yakishuka kwa paipu baridi yanaganda huko ndani, halafu majani chai na chembe za ugali zinanata hapo juu kidogo kidogo mpaka njia inabaki nyembamba. Ya kwangu haikuwa imeziba kabisa. Maji yalikuwa yanashuka polepole yakipiga glo-glo-glo na kuacha duara la mafuta kwa sinki.

Hapa mtaani sinki ikizubaa tu kidogo mtu anakimbia hadiwea kununua kastiki soda, ile kemikali kali ya kuzibua paipu. Inafanya kazi, sikatai. Lakini ile kitu inapata moto ikigusa maji, inakula sufuria za alumini, na ukiimwaga ikatae kuzibua sasa una sinki imejaa maji ya kuchoma ngozi na lazima mtu aifungue tu, awe ni fundi ama ni wewe. Na kuna watu wakiona imeshindwa wanaongeza asidi ya choo halafu jiki juu yake, hiyo tafadhali usijaribu, jiki na asidi zikikutana zinatoa hewa inachoma mapafu na jikoni zetu dirisha ni moja.

Mimi nilitaka kwanza kujua imeziba wapi. Nikafungua maji bafuni, yakaenda vizuri, nikaflashi choo, kikaenda. Basi paipu kubwa ya nje haina shida. Kubaki ni ile ya jikoni, na kwa fleti jikoni zote za upande mmoja zinashukia paipu moja, kwa hivyo nikamwita jirani wa juu kupitia dirisha nikamwomba ajaze beseni amwage yote mara moja kwa sinki yake.

"Mama Tash, nimwage?" akaniuliza.

"Mwaga yote, mama!"

Nikasimama nikiangalia sinki yangu. Maji ya jirani yangepanda kwangu, hapo ningejua pameziba chini yangu kwa paipu ya wote, na hiyo ni kazi ya keateka na landilodi, si yangu. Hayakupanda. Yalipita tu yakienda chini na mimi nikajua uchafu uko katikati ya sinki yangu na ukuta, yaani mahali mkono unafika.

Nilianza na planja, ile ya mpira yenye mpini. Siri ya planja ni maji yafunike ule mpira kabisa, na kile kitundu cha juu cha sinki ukizibe na kitambaa kilicholowa, la sivyo unasukuma hewa tu inatokea hapo. Pia kuvuta ni muhimu kama kusukuma. Ikasaidia kidogo halafu ikarudi vile ilikuwa, so nikaingia chini ya sinki.

Ile trapu ya plastiki iliyokaa kama chupa, ile inashika maji chini ya sinki, inafunguliwa na mkono tu. Weka ndoo chini kwanza, na uangalie wosha, vile viringi vya mpira vya kuzuia kuvuja, zinatoka kwa mpangilio gani na upande upi ulikuwa unaangalia juu, piga hata picha na simu. Kilichotoka mle jamani! Uji mzito wa kijivu, unanuka, ndani yake majani chai, mbegu za nyanya, kijiti cha kiberiti, na nyuzi za ile waya ya kuoshea sufuria ndizo zilikuwa zimeshikanisha kila kitu. Nikasugua na mswaki mzee na maji ya moto ya sabuni, halafu nikanyoosha henga ya waya, nikaikunja ncha, nikavuta mengine kwa kipande kinachoingia ukutani. Kuvuta, si kusukuma, ukisukuma unapeleka shida mbali. Maji ya moto nayo yasiwe ya kuchemka, paipu za PVC zinalegea.

Kurudisha ni rahisi, kaza na mkono mpaka ishike, spana itapasua plastiki. Watu wengi wanazungushia thred tepu hapo na haina kazi, kinachozuia maji ni wosha, kwa hivyo kama inavuja angalia wosha imekaa pembe ama imechakaa. Nilijaza sinki, nikaachilia yote kwa mpigo, nikapitisha tishu kavu kila jointi. Kavu.

Nikiwa bado na mori nikaingia choo pia, maana kwetu maji ni ya zamu na maji ya sistani, lile tangi la choo, yalikuwa yanaisha usiku bila mtu kuyatumia. Nilimwaga chai ya rangi nzito kwa sistani nikakataza watu kuflashi, baada ya kama nusu saa maji ya bakuli yakawa ya hudhurungi. Kumbe ni ule mpira wa chini umechoka. Unauzwa hadiwea yoyote, ila toa wa zamani uende nao mkononi, saizi ni nyingi.

Siku hizi mafuta nayamwaga kwa mkebe, yakiganda yanaenda na taka, na kwa sinki kuna kichujio cha plastiki.

Baadaye jirani wa ground alikuja akisema sinki yake imejaa maji yenye mchele na yeye hajapika mchele. Alikuwa tayari ameshika pakiti ya kastiki. Nikamwambia airudishe dukani, hayo ni ya sisi wa juu, amwite keateka. Manholi ilipofunguliwa ilikuwa imejaa mafuta hadi juu, na keateka akaleta zile fimbo ndefu, bili akampelekea landilodi.