Ukurasa wa mwisho wa kijitabu

Binti wa kaka yangu alinipigia saa tano usiku. "Shangazi, wamenionea." Historia, daraja C, na yeye alishajihesabia A tangu siku ya mtihani.

Nimesahihisha insha za historia miaka tisa, kwa hiyo neno hilo kuonea halinishtui haraka. Najua makosa yanavyotokea: ni jioni, umeshika kijitabu cha majibu cha hamsini na kitu, macho yamechoka, kurasa mbili zimegandana nawe hujui. Hapo hakuna chuki yoyote. Lakini mtoto anayelia kwenye simu huwezi kumwambia hivyo, nikamwambia alale.

Kesho yake akanitumia rasimu ya barua ya rufaa. Kurasa tatu! Alivyosoma usiku kucha, alama zake za majaribio, bibi alivyougua wiki ile ile. Nikafuta karibu yote. Anayepokea barua ile hana pa kujazia huruma. Anataka kujua swali la ngapi na ukurasa wa ngapi.

Nikamuuliza pia anaomba nini hasa, maana wengi hulipia jambo wasilolijua. Kuhakiki majumlisho ni kuangalia tu kama kila jibu lina alama na hesabu imejumlishwa sawa. Hoja zako hasomi mtu. Kusahihisha upya ni kazi nyingine, na alama zinaweza kushuka. Tena msahihishaji wa pili si lazima aulizwe yeye angetoa ngapi. Uingereza, tangu 2016, swali lake ni kama alama za mwanzo zina kosa kwa mujibu wa mwongozo wa usahihishaji. Zisipokuwa nalo, zinabaki hata kama yeye angetoa zaidi.

Wengine huona huo ni ukatili. Mimi naona una sababu. Mwaka 1913, Starch na Elliott, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao: karatasi moja ya jometri ilisahihishwa na walimu zaidi ya mia. Kuna aliyetoa chini ya 30, kuna aliyetoa zaidi ya 90. Jometri, si insha! Ukimpa kila mkata rufaa msahihishaji mpya mwenye uhuru wote, umempa tiketi ya bahati nasibu.

Tukaomba kwanza nakala ya kijitabu chake. (Anayekata rufaa bila kukiona anapiga gizani. Agosti 2020, baada ya Uingereza kufuta mitihani kwa sababu ya korona na kupanga madaraja kwa kanuni ya takwimu, karibu asilimia 40 ya madaraja ya A-level yalitoka chini ya makadirio ya walimu, na hapakuwa na kijitabu cha kufungua. Siku nne baadaye kanuni ile ikaachwa.)

Chetu kilikuwepo. Insha ya tatu ilikatika katikati ya sentensi, chini kukiwa na mshale na maneno "inaendelea nyuma". Nikafungua ukurasa wa mwisho. Aya nne nzima, nadhifu, hazina alama hata moja ya kalamu nyekundu. Hapo nilikaa chini.

Barua iliyokwenda ilikuwa na mistari minne. Jibu lilichukua wiki tano: alama sita zimeongezeka, daraja B.

"B tu, Shangazi?"

Nikamwambia ukweli. Insha ya pili nilikuwa nimeisoma mara mbili, na mimi ningempa zile zile alama alizopewa. Akanyamaza, kisha akasema ana kazi, akakata simu.

Siku ya tatu ikaja picha ya insha ile, aya moja kaizungushia duara. Chini kaandika: "Shangazi, hivi hapa nilikuwa nataka kusema nini?"