Mayai ya anko na BMX yangu

Jana binti yangu kaniuliza mbona skuta yake inamwasha nyayo kwenye kabro za ploti na baiskeli ya kaka yake inapita hapo hapo bila shida. Nikajikuta nimerudi Kayole, Nairobi, enzi za ujana wangu.

Anko alikuwa anasambaza mayai kwa baiskeli ya Black Mamba, ile ya magurudumu ya inchi 28, trei zimefungwa kwa keria na tyubu kuukuu. Mimi nilikuwa na BMX ya mtumba, inchi 20, na kiburi chote cha mtaa. Tukateremka pamoja barabara ya maramu, mvua imeichimba, na mbele ya kioski kulikuwa na shimo moja ambalo halikwepeki. Anko akatangulia. Niliona gurudumu la mbele likishuka kidogo, polepole, likapanda ukingo wa pili, springi za kiti zikalia nyiii, trei zikayumba zikatulia, basi. Mimi nyuma yake gurudumu likazama lote, likajigonga kwa ule ukingo, meno yakagongana, mikono ikafa ganzi mpaka viwiko na pedali ikanila ugoko. Na anko wala hakugeuka!

Kwa fundi ndio ubishi ukaanza. Anko anasema ni saizi tu, gurudumu kubwa haliingii shimo lote na linapanda ukingo pole pole, dogo linajitupa chini. Fundi akabonyeza tairi yangu kwa kidole gumba, ikagoma.

"Mzee, gurudumu unalisingizia. Huyu kijana amejaza upepo hadi tairi imekuwa kama jiwe, na kiti chake hakina springi kama chako."

Akabonyeza valvu, pssss, akaachia mpaka kidole kikaingia kidogo. Nikarudi kwa lile shimo. Mtetemo wa changarawe ulikuwa umepungua sana, huo sikatai, lakini shimo lenyewe bado lilinirusha, kwa hivyo labda upepo ni wa changarawe na saizi ni ya mashimo, ama pengine ni vile Mamba ni ndefu na nzito, sijui, maana hata leo watu wa baiskeli za milimani za inchi 26 na wale wa inchi 29 wanabishana vivyo hivyo. (Skuta ya binti yangu haina saizi wala upepo, ni mpira mgumu mtupu, maskini.)

Fundi akamwambia anko basi anipe trei moja nibebe tuone. Anko akaangalia mayai, akaniangalia mimi, akapanda Mamba yake akaenda.